Heparini kwa Mama Ambaye Mimba Zake Huharibika

Suala la juma hili limetoka Makadara, si Makadara yetu ya Mombasa, bali ile ya Nairobi, penye mitaa ya Kaloleni, Maringo na Hamza. Dada yetu mmoja mimba zake tatu zimeharibika. Sasa anayo ya nne, na daktari amemwandikia sindano ya heparini kila siku. Jirani amemwambia kuwa dawa hiyo ni ya nguruwe, na mumewe ameingiwa na shaka. Anauliza: aendelee au aache?

Kwanza, asiache kabla ya kuzungumza na daktari wake. Hukumu ya dawa hii haijulikani ila kwa kuujua ugonjwa unaotibiwa.

Ni kweli kwamba heparini hutengenezwa kutokana na utando wa utumbo wa nguruwe. Hata hivyo, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wameeleza kuwa dawa yenye najisi, isiyokuwa kileo kitupu, yaruhusiwa kwa masharti mawili: pasiwe na dawa tohara ya kushika nafasi yake, na tabibu mwadilifu, mjuzi wa kazi yake, athibitishe kuwa yafaa. Asili ya ruhusa hiyo ni rehema ya Mola, ambaye katika Suratul Baqara, baada ya kuiharamisha nyama ya nguruwe, amemwondolea dhambi aliyefikwa na dharura pasi na kuasi wala kupita kiasi.

Basi swali linabaki: je, yafaa? Hapa ndipo utafiti wa matabibu unapomsaidia mwenye kutoa fatwa.

Wako wanawake ambao miili yao hutengeneza kingamwili zinazoifanya damu igande upesi na kulidhuru kondo la nyuma, ambalo ndilo linalomlisha mtoto tumboni. Mwaka 1997 madaktari wa London walichapisha utafiti juu ya wanawake 90 wa namna hiyo, ambao mimba zao zilikuwa zikiharibika mara kwa mara. Wanawake 45 walipewa aspirini kidogo peke yake. 45 wengine walipewa aspirini pamoja na heparini. Katika kundi la kwanza waliojaaliwa watoto hai ni 19, na katika la pili ni 32.

Wako wengine walioirithi damu ya kuganda upesi kutoka kwa wazazi wao. Hawa nao walikuwa wakidungwa sindano hizo hizo. Utafiti uitwao ALIFE2, uliochapishwa mwaka 2023, uliwahusisha wanawake 326 wa Uingereza, Uholanzi na nchi nyingine. Katika kila 100 waliodungwa, takriban 72 walijifungua watoto hai. Katika kila 100 wasiodungwa, 71. Sindano haikuwaongezea kitu katika kuilinda mimba.

Tazameni jinsi hukumu inavyofuata kipimo. Kwa mama wa kwanza haja imethibiti. Kwa wa pili, ikiwa lengo ni kuzuia mimba isitoke tu, haja haijathibiti, na kisicho na faida hakiwezi kuhalalisha najisi. Lakini ikiwa damu yake iliwahi kuganda mguuni au mapafuni, hapo ni uhai wake mwenyewe unaolindwa, na hilo ni jambo jingine.

Kwa hiyo, dada yangu, muulize daktari mambo matatu. Nimepatikana na ugonjwa gani? Je, kipimo kilirudiwa? Maana ugonjwa huo wa kingamwili huthibitishwa kwa kupima mara mbili, kwa tofauti ya wiki 12 au zaidi. Na je, ipo dawa isiyotokana na nguruwe itakayonifaa katika hali hii? Akikujibu kuwa ni ugonjwa wa kingamwili na kwamba hapana badala, endelea na moyo wako utulie. Wala usihofu kuwa mwanao analishwa najisi, kwani heparini haivuki kondo la nyuma kumfikia.

Neno la mwisho ni kwa waume na kina mavyaa. Nabii Zakariya (A.S.) alipokosa mtoto alimwelekea Mola wake kwa dua, hakumlaumu mkewe. Mwanamke anayepoteza mimba asiulizwe amefanya nini, wala asitishwe kwa talaka. Apelekwe akapimwe, na mumewe afuatane naye. Kituo cha afya cha mtaani chatosha kuwa mwanzo, na kwa watu wa Makadara, Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanza mwaka 1926, haiko mbali. Kisomo na dua viendelee nyumbani. Havipingani na vipimo.

Wabillahi tawfiq.