Mtoto anapochora kaa wa gemu kwenye daftari la hesabu

Mzazi, ukifungua daftari la hesabu la mwanao ukakuta kurasa za nyuma zimejaa vidude vya miraba, kaa wa gemu, duara la njano lenye mdomo wazi, na juu yake jina la bendi ambayo haipo, usikimbilie fimbo. Huenda mtoto anapenda kubuni. Huenda pia ameshakuwa mteja wa kila siku wa kibanda cha gemu. Ni vizuri ujue ni lipi kabla hujachana ukurasa.

Kwa familia za Tunduma, ambako baba na mama wengi huondoka alfajiri kwenda sokoni au kuvuka mpaka upande wa Nakonde, swali hili si dogo. Mtoto akitoka shule hakuna wa kumuuliza kapitia wapi.

Picha zilizoundwa kuvuta sarafu

Michoro hiyo ina umri mkubwa kuliko wazazi wengi wa leo. Gemu ya Space Invaders ilitoka Japani mwaka 1978, na Pac-Man ikafuata mwaka 1980. Zilichezwa kwenye mashine kubwa kama kabati, za kutumbukiza sarafu. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na uwezo mdogo, hivyo kaa wa Space Invaders alichorwa kwa nukta 11 tu kwa upana na nane kwa urefu. Ndiyo maana anaingia vizuri kwenye miraba ya daftari.

Kwa kuwa kwenye kioo vitu vilionekana vidogo, watengenezaji walipamba ubavu wa kabati kwa picha kubwa za rangi kali. Mashine ikikosa mchezaji ilijichezesha yenyewe, ikimulika na kulia, ili mpita njia asogee. Akishaanza, mchezo ulizidi kuwa mgumu mpaka ashindwe na atafute sarafu nyingine. Gemu nyingi za simu leo bado zinafuata njia hiyo hiyo.

Wanamuziki nao walivutiwa mapema. Kundi la Yellow Magic Orchestra la Japani liliweka milio ya gemu kwenye albamu yake ya kwanza mwaka 1978. Mwaka 1982 Wamarekani Buckner & Garcia walitoa albamu nzima ya nyimbo zinazohusu gemu hizo, wakaiita Pac-Man Fever. Na bendi ya kubuni si jambo geni: Gorillaz, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1998 na Damon Albarn na Jamie Hewlett, ina wanamuziki wa kuchorwa.

Kwa hiyo mtoto anayebuni jalada la albamu la bendi yake anafanya kazi ambayo watu wazima wanalipwa kuifanya. Jalada siku hizi huonekana kwenye simu likiwa dogo kama kucha ya kidole gumba, na picha ya nukta chache husomeka hata ikiwa ndogo hivyo. Ili kuichora, mtoto anahesabu miraba, analinganisha kushoto na kulia, anachagua rangi na anatulia kwenye kazi moja mpaka iishe. Tena anafanya hayo bila kukodolea kioo.

Lini uwe na wasiwasi

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeingiza tatizo la uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Linatajwa kwa dalili tatu: mchezaji hawezi kujizuia kuanza wala kuacha, gemu inapewa nafasi mbele ya mambo mengine yote, na anaendelea hata anapoona inamharibia. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 ndipo mtaalamu aseme ni ugonjwa.

Mzazi hana haja ya kungoja mwaka. Angalia kama mtoto anasinzia darasani, anachelewa kurudi, ameacha kucheza na wenzake, anafoka anapoambiwa aache, au chenji ya dukani inapungua kila anapotumwa. Mtoto anayechora tu, akiitwa kula anakuja na usiku analala, hana tatizo.

Gemu na dubwi ni vitu viwili

Kibanda cha gemu ni mahali pa kulipia muda wa kucheza. Dubwi, ile mashine ya sarafu yenye picha za matunda na taa za kumetameta, ni kamari. Kwa macho ya mtoto zinafanana, na ndipo hatari ilipo. Sheria ya Tanzania hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza mchezo wa kubahatisha, na msimamizi ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Ukiona watoto wamezunguka mashine hiyo dukani au baa, mwambie mwenyekiti wa mtaa au polisi. Mweleze na mtoto wazi: kwenye gemu ukijifunza unaongeza ustadi, kwenye dubwi hakuna ustadi unaokuokoa, mashine imepangwa ili mwenyewe apate.

Cha kufanya nyumbani

Mpe mtoto daftari la miraba na penseli za rangi. Mwambie abuni bendi, aipe jina, achore jalada la miraba 30 kwa 30, kisha aeleze nyimbo zake zinahusu nini. Katika maelezo hayo utasikia mengi ambayo hangekujibu ukimhoji.

Kama anacheza gemu, kubalianeni siku na muda kabla hajaanza, na simu isilale naye chumbani. WHO inashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku: mpira, kamba, hata kuchota maji kunahesabika.

Dalili zikizidi, nenda kituo cha afya au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Nenda na mtoto mwenyewe, na asikie ukieleza tatizo bila kumtukana.