Jirani wa Samaki Mpiganaji

Aghalabu mtu anunuapo samaki mpiganaji, yule wa mapezi marefu kama leso iliyotandazwa, hushikwa na huruma. Humwona peke yake majini, akakumbuka kwamba upweke ni uvundo, akarudi dukani kumtafutia rafiki. Siku chache baadaye mmoja wao huelea tumbo juu. Kwa maoni yangu, kosa si la samaki bali ni la methali iliyotumiwa mahali pasipo pake. Iliyomfaa kiumbe huyu ni ile ya fahali wawili wasiokaa zizi moja.

Hebu tumtazame alikotoka. Asili yake ni Thailand, katika mashamba ya mpunga na vinamasi vya maji ya kina kifupi. Wenyeji humwita pla kat, yaani samaki aumaye, na kwa vizazi vingi walichagua madume wakali na kuwazalisha kwa ajili ya mashindano. Jina la kitaalamu, Betta splendens, alipewa na Charles Tate Regan mwaka wa 1910. Na mwaka wa 2019 Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Ukali wake basi si utovu wa adabu. Ni urithi, na sehemu ya urithi huo ni kazi ya mikono ya binadamu.

Hata hivyo, siafikiani na wanaodai kwamba hawezi kuishi na kiumbe yeyote. Dume hushambulia hasa yule anayefanana naye: mwenye rangi za kung'aa na mkia mpana. Kwa hivyo dume mwenziwe asitajwe kabisa, gapi dume ni hatari, na gurami, ambaye ni wa ukoo wake, afadhali aachwe. Lakini wapo pia wanaomwonea yeye. Wale samaki wadogo wenye milia kutoka Sumatra hupenda kudonoa mapezi marefu, naye kwa uzito wa mavazi yake hawezi kuwakimbia. Twamwogopa mpiganaji tukasahau kwamba huweza kuwa mhasiriwa.

Ndiyo sababu nalikataa neno rafiki katika mjadala huu, na hata mwenza lina mapenzi mengi kupita kiasi. (Wanaleksikografia wataniwia radhi.) Napendekeza jirani. Jirani hatumdai atupende. Twamdai asivuke ua. Koridora, samaki wa Amerika Kusini wenye sharubu, hutafuta riziki chini mchangani, ilhali mpiganaji hupendelea sehemu ya juu, maana hulazimika kupanda kuvuta hewa kwa kiungo maalumu kilicho juu ya matamvua yake. Basi kila mmoja ana mtaa wake. Ajabu ni kwamba koridora ndio hasa wanaoumizwa na upweke: wawe sita au zaidi, la sivyo hujificha na kudhoofika. Konokono wa majini naye hufaa, ingawa mpiganaji mwingine humdonoa pembe zake.

Ujirani huu wahitaji nafasi. Chini ya lita 40 sioni sababu ya kuuanzisha. Mpiganaji aachwe peke yake katika lita 20 au zaidi, wala hatakuwa ameadhibiwa. Wahitaji pia joto la nyuzi 24 hadi 28. Usiku wa Julai jijini Nairobi hauwezi kutoa joto hilo bila kipasha maji, na ndiyo maana samaki wa dhahabu, apendaye maji ya baridi zaidi, hawezi kuwa jirani hata akiwa mpole kama njiwa.

Majirani watangulie kuingia tangini, mpiganaji afuate mwisho, ili asikute pote pameshakuwa himaya yake. Tabia zao hutofautiana, hata kwa ndugu wa tumbo moja, na hakuna muuzaji awezaye kukuapia. Kwa siku kadhaa za mwanzo mtu akae na kutazama, na pembeni pawe na chombo cha pili chenye maji yaliyo tayari.