Mkweche wa anko wazima, dereva aitwa mwizi

Vidole vinanuka petroli na sabuni imeshindwa kazi. Sikiliza visa vya nyumbani kwetu.

Anko wangu, kaka yake mama, alipostaafu alimega kiinua mgongo akanunua Hiace. Usidhani ni gari la kutambia. Ni mkweche wa mwaka 1998, umetoka Japan umeshachoka, injini ya petroli ya 1RZ-E, ile ya nozeli. Unabeba wanafunzi asubuhi na jioni, wazazi wanalipa kwa mwezi. Hela hiyo ndiyo inayochemsha sufuria pale nyumbani, na mimi nalala sebuleni kwake, kwa hiyo gari likikohoa naumwa mimi.

Likaanza kukohoa kweli. Ukipanda vilima vya Kimara jua limewaka, linakata pumzi, linazima. Subiri nusu saa, linawaka kama halikufanya kitu. Jumatatu moja likazima jumla alfajiri, watoto kumi na wawili ndani na mabegi yao.

Anko akafika na bodaboda, akachungulia geji. Mshale umelala. Dogo dereva akamwamkia, "Shikamoo mzee." Anko kimya. "Jana nimekupa elfu kumi na tano ya mafuta, iko wapi?" Dogo akaapa kaweka yote. Anko akamwita mwizi mbele ya watoto, akampokonya funguo. Na mke wa dogo alikuwa ametoka kujifungua wiki hiyo hiyo, ndugu zangu.

Kesho yake yakaanza maonyesho ya mafundi. Wa kwanza kaweka plagi nne mpya, akalipwa, akasepa. Gari kimya. Wa pili kasema distribyuta, kalifungua, kalifunga, kaomba ya soda. Wa tatu akataka kufunga pampu ya nje ya gari la kabureta, eti "itasukuma tu". Nashukuru anko hakuwa na hela siku hiyo. Pampu ya kabureta presha yake haifiki hata nusu kilo, wakati Toyota nyingi za nozeli za miaka ile zinataka karibu kilo 3. Ingekuwa kama kuzima moto kwa mate.

Wa nne nilimleta mimi, mzee mmoja fundi umeme wa magari pale Gerezani. Hakufungua hata boksi la spana. Akaniambia, "Piga stata." Injini inazunguka vizuri, haishiki. Akachomoa waya wa plagi moja, akaupima: cheche zipo, kali. "Basi moto upo," akasema, "tutafute chakula."

Hapo ndipo nilipofaidi, na wewe mwenye mkweche faidi. Alifungua mfuniko wa tenki, akanitaka nitege sikio pale mdomoni huku yeye anapiga stata. Pampu nzima utaisikia inavuma kama nyuki ndani ya debe. Sikusikia nyuki. Akaangalia fyuzi ya EFI, nzima. Akaangalia rilei, inagonga vizuri. Kisha akafungua kile kiboksi kidogo kilichoandikwa DIAGNOSIS, akaunganisha tundu la +B na la Fp kwa kipande cha waya, akawasha swichi bila kupiga stata. Njia hiyo inapeleka umeme moja kwa moja kwenye pampu. Kimya. Lakini angalia matundu kwanza, ukikosea utaunguza vitu vya bei mbaya.

Akalala chini ya gari na testa, akapima kwenye soketi ya tenki. Taa ikawaka. Umeme unafika, waya wa hasi mzima, anayegoma ni pampu mwenyewe. Kwa utani akaligonga tenki kwa ngumi, mara pampu ikavuma sekunde mbili tatu ikafa tena. "Brashi za mota zimeisha," akasema. "Ndiyo maana ikipata joto inalala."

Kushusha tenki ni kazi ya nusu siku. Toa waya wa hasi wa betri kwanza, punguza presha kwenye paipu, na mvuta sigara afukuzwe mtaani kabisa. Mafuta tukayamimina kwenye dumu la lita tano. Anko alikuwa amesimama pembeni kwa mikono nyuma. Dumu likakaribia kujaa. Hakuna aliyesema kitu, ila kila mtu aliliangalia dumu, halafu akamwangalia anko.

Ndani ya tenki kulikuwa na tope la kutu, na ile soksi ya chujio chini ya pampu imekuwa nyeusi kama mkaa. Mzee akaeleza kwamba pampu hii inapozwa na petroli yenyewe inayoizunguka. Ukitembea kila siku na mafuta ya kunusa, inachemka, na inafyonza takataka zote za chini. Anko akauliza taratibu, "Ya kunusa ni kiasi gani?" Mzee akanyooshea dumu.

Pampu tuliipata Msimbazi, baada ya kukataa mbili zenye boksi zuri na uzito wa kiberiti. Tukabadilisha soksi, filta ya nje, na mpira wa kuziba juu. Hata kile kipaipu kifupi cha ndani ya tenki mzee alikataa cha kawaida, akisema mpira usiotengenezwa kuzama kwenye petroli unalainika, halafu presha inavujia humo humo. Waya akaziangalia mara mbili, maana ukigeuza chanya na hasi mota inazunguka kinyumenyume na hutapata mafuta.

Stata ya tatu, likawaka. Anko hakucheka. Alinituma kwa bodaboda nikamlete dogo.

Dogo alikuja na kandambili, akasimama mbali na gari. Kabla hajafungua mdomo, anko akamnyooshea funguo na hela ya nusu tenki. Dogo akapokea kwa mikono miwili, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba," anko akajibu. "Mama na mtoto hawajambo?"

Mimi nikaenda kuoga. Tukutane wiki ijayo.