Mapatano Mbele ya Mwamuzi

Mtu mmoja akimshtaki jirani yake, nao wakapatana kabla ya hukumu, mwamuzi hana la kuongeza: wenye shauri wameridhiana, kila mmoja aenda zake nyumbani. Lakini itakuwaje wenye shauri wakiwa elfu nyingi, na walio wengi hawajapata kuonana na wakili asemaye kwa jina lao? Huko Marekani iko namna ya mashtaka ambayo watu wachache huyaleta kwa ajili yao wenyewe na kwa ajili ya kundi zima lililopatwa na hasara ile ile. Hapo sheria haiwaachi mawakili wapatane peke yao. Mapatano hayana nguvu mpaka mwamuzi ayakubali.

Tutazame shauri moja lijulikanalo sana. Mwaka 1997 wakulima weusi waliishtaki Wizara ya Kilimo ya Marekani. Walisema ya kwamba walipoomba mikopo, maofisa waliwanyima, au waliwachelewesha mpaka majira ya kupanda yakapita, hali wakulima weupe walipewa. Wengine walipoteza mashamba yao. Baadaye pande mbili zilipatana, na mapatano yakaletwa mbele ya mwamuzi Paul Friedman, mjini Washington.

Yalifungua njia mbili. Mkulima asiye na hati nyingi (na nani atunzaye hati za kunyimwa?) aliweza kuleta ushahidi mwepesi, na akikubaliwa alipata dola 50,000, pamoja na kufutiwa deni lake la wizara. Aliyetaka zaidi alisikilizwa na msuluhishi, bila mpaka wa fedha, lakini ilimpasa kuthibitisha dai lake kwa ushahidi mzito. Asiyetaka njia yo yote aliruhusiwa kujitoa katika kundi na kushtaki mwenyewe.

Mwanzo wa Machi 1999 mwamuzi alisikiliza manung'uniko. Wengi walisema kwamba dola 50,000 hazimrudishii mtu shamba lake. Tena, mapatano hayakuwalazimisha maofisa kugeuza mwenendo wao. Je, mwamuzi hakuweza kuyaongezea yeye mwenyewe? Hapana. Ana neno la kukubali au la kukataa. Hana ruhusa ya kuwaandikia watu mapatano mapya kwa mkono wake. Hujiuliza: Wakili amelipigania kundi kweli, ama ametazama ujira wake? Watu wametangaziwa habari? Wote wanatendewa kwa haki? Na kesi ikiendelea, watapata zaidi, au watangoja miaka mingi kisha washindwe? Friedman aliyapima hayo, na tarehe 14 Aprili 1999 akakubali.

Si kwamba mapatano hupita daima. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa mapatano makubwa juu ya watu waliopatwa na vumbi la asibesto. Wagonjwa wa siku zile, waliohitaji fedha mara moja, walikuwa wametiwa katika kundi moja na watu ambao pengine wangeugua miaka mingi baadaye, nao walihitaji akiba. Nani angewasemea hao wa pili?

Kwetu sisi, jambo zito kuliko yote ni lile la kuwatangazia watu. Wakulima wapata 22,000 walileta madai yao kwa wakati, na zaidi ya 15,000 walishinda. Lakini wengine zaidi ya 60,000 walikuja wakiwa wamechelewa, na wachache sana walipokelewa. Wengi walisema hawakupata habari mapema. Basi, kwa mtu asiyejua kwamba mlango umefunguliwa, mapatano mema yana faida gani? Mwaka 2008 Bunge liliwafungulia tena, na mwaka 2010 yakafanywa mapatano ya pili, ya dola bilioni 1.25. Hayo nayo yalikwenda kwa Friedman yule yule, naye akayakubali mwezi wa Oktoba 2011. Wakati huo wakulima wengine walikuwa wamekwisha kufa, na madai yao yaliletwa na warithi.