Jina Lako Limo Kitabuni

Ndugu msomaji, kazi ya karani wa parokia ni kazi ya vitabu: cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha marehemu. Wengi wadhani kitabu cha ubatizo huandikwa siku moja, kisha hufungwa. Sivyo. Pembeni mwa kila jina huachwa nafasi. Mtoto akipata kipaimara, twaandika pale. Akifunga ndoa, hata kama ni mbali, parokia ya huko hutuletea habari, nasi twaiandika pale pale. Ndiyo sababu mtu anayetaka kufunga ndoa hutakiwa kuleta cheti kutoka parokia alikobatizwa, ingawa ameondoka kwao siku nyingi.

Leo nina kosa langu la kuwaungamia. Miezi michache iliyopita alikuja ofisini mtu mzima, mwenye mvi, ametoka mjini kwa basi. Alikuwa ameishi na mkewe miaka mingi bila ndoa ya kanisani, na sasa wametaka kuibariki. Nikamwuliza, "Wewe ni wa jumuiya gani?" Akajibu, "Mwalimu, hapa sina jumuiya tena. Wazee wangu wote wamekwisha fariki." Nikamwambia alete barua ya mwenyekiti na risiti ya zaka. Hapana sheria iliyoniagiza hivyo. Nilijisemea tu, tena kwa ukali. Akachukua kofia yake, akatoka.

Mlangoni alikutana na bibi mmoja anayefagia kanisa. Bibi akamtazama sana, akasema, "Wewe si mtoto wa yule fundi seremala? Mimi ndimi niliyekusimamia ubatizo." Akamshika mkono, akamrudisha ndani. Hakunikaripia. Alisema tu, "Mwanangu, fungua kitabu cha mwaka ule wa njaa."

Nikafungua mwaka 1974. Jina limo, na jina la msimamizi ni lake bibi. Pembeni palikuwa peupe.

Yule mtu akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Shikamoo, mama. Kanisani niliacha kwenda, sikufichi. Lakini pale mtaani kwetu hakufiwi mtu nisilale matangani, wala haugui jirani nisimpelekee maji. Wenzangu huniuliza nimejifunza wapi. Mimi nilidhani ni tabia yangu tu. Sasa nakumbuka: mama mzazi alinituma na ndoo kwa wagonjwa wa jumuiya, kila Jumamosi."

Wasomaji wapenzi, maneno hayo yamenifundisha kuliko vitabu vya chuo cha ualimu. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipoazimia mwaka 1976 kuzijenga jumuiya ndogo ndogo, walitaka Kanisa liwe karibu na nyumba za watu. Mtoto aliyebeba ndoo ile amekuwa mzee, naye angali akiibeba.

Tena jambo hili si geni kwetu. Mkumbukeni Adrian Atiman. Alizaliwa katika nchi iitwayo leo Mali, akatekwa utumwani angali mtoto, hana baba wala mama wa kumwita. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria, wakamlea, wakampeleka Malta kusomea uganga. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Huyo aliyenyang'anywa ukoo alipewa mwingine, naye akautumikia miaka 67.

Sisemi zaka na barua za jumuiya hazina maana. Kanisa hutegemezwa na waumini wake, na mwenyekiti hana budi kuwajua watu wake. Lakini karatasi isiwe komeo la kumfungia nje mtoto wa nyumba. Anayerudi baada ya miaka mingi ana haya tayari, sisi tusimwongezee.

Basi, ndugu msomaji, jumuiya yenu ikikutana wiki hii, wahesabuni waliopo, kisha wahesabuni na waliokwenda mijini na machimboni. Ni nani anayewauliza habari zao? Nawe uliyemsimamia mtoto ubatizo, je, wajua aliko?

Juzi ilifika barua kutoka mjini: ndoa imefungwa. Nikaandika pembeni mwa lile jina tarehe na mahali. Bibi alipokuja kufagia nikamwita. Yeye hajui kusoma, akaniomba nimwonyeshe ni wapi hasa. Nikamwonyesha. Akaweka kidole pale, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachukua ufagio wake akaendelea na kazi.

Ni mimi karani wenu.