Paa likazwe kabla upepo haujavuma

MKULIMA akishaingiza magunia yake ndani, wasiwasi wake mkubwa huwa ni bei ya soko na wadudu wa ghalani. Ni wachache wanaoinua macho kulitazama paa. Hata hivyo, upepo wa dakika chache tu unaweza kuezua bati, kulowesha mahindi ya mwaka mzima na kuiacha familia bila chakula wala mtaji.

Jambo hili si la kufikirika. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe iliyoandamana na upepo mkali ilikikumba kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga. Watu wasiopungua 38 walipoteza maisha, baadhi yao wakiangukiwa na kuta za nyumba za udongo. Mazao na mifugo navyo viliangamia.

Huko Zanzibar, kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika, na baada ya hapo ndiyo ikawa kinara wa zao hilo. Upepo wa siku moja ulihamisha biashara kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine.

Ipo tofauti ambayo wakulima na wafanyabiashara hawana budi kuielewa. Kimbunga kinachotoka baharini huonekana mapema. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari na usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ukasimamishwa. Lakini upepo mkali wa nchi kavu, ukiwamo ule wa kuzunguka ambao wengi huuita kisulisuli, hautoi muda huo. Wingu jeusi likionekana, pengine zimebaki dakika tu. Kwa hiyo kinga yake ni kazi inayofanywa wakati wa kiangazi.

Kazi yenyewe inaanzia juu. Kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa waya mnene au ukanda wa chuma, zisikalishwe tu juu ya tofali. Misumari ya bati iongezwe, hasa pembeni mwa paa ambako upepo huanzia kuinua. Mawe yanayowekwa juu ya bati yaondolewe, kwa kuwa yakiporomoka huua. Matawi makavu yaliyo karibu na nyumba yakatwe. Migomba yenye mikungu iwekewe nguzo, na mipaka ya shamba ipandwe miti ya kupunguza kasi ya upepo.

Ndani ya ghala, magunia yakae juu ya chaga na turubai liwe karibu. Mwenye duka ahifadhi leseni, daftari la madeni na hati zake ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kibanda cha mbao au bati kifungwe kwenye nguzo zilizochimbiwa chini.

Upepo ukianza, mali iachwe. Watu wengi huumia wakikimbilia kuanua nguo, kushika mlango au kuokoa bidhaa sokoni. Walio ndani wakae chumba cha katikati cha jengo imara, mbali na madirisha, wainame na kukinga vichwa. Walio nje wasijifiche chini ya mti, ukuta mbovu wala kibanda cha bati. Asiye na jengo karibu alale kifudifudi kwenye sehemu iliyo chini, mradi si mkondo wa maji. Mwenye bodaboda asimame na kutafuta hifadhi, na mvuvi arejee ufukweni mara tu aonapo dalili.

Upepo ukitulia, hatari haijaisha. Waya wa umeme ulioanguka usiguswe hata kama unaonekana umekufa. Shirika la umeme lijulishwe. Nyumba ya udongo iliyolowa isiingiwe kabla ya kukaguliwa, kwani ukuta unaweza kuanguka saa nyingi baadaye. Maji ya kunywa yachemshwe. Nafaka iliyolowa itengwe na kuanikwa haraka, na ile iliyoota ukungu isiliwe wala kuuzwa, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Hasara ipigwe picha na kuripotiwa kwa mtendaji wa kijiji, na mwenye bima aiarifu kampuni yake mapema.

Serikali nayo ina wajibu wake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati hizo zisisubiri kuhesabu walioathirika na kugawa mahema. Zipite kabla ya mvua kukagua mapaa ya shule, masoko na maghala ya ushirika, na zihakikishe tahadhari za redioni zinawafikia hata wasio na redio.

Gharama ya misumari na waya ni ndogo ikilinganishwa na ya bati jipya, achilia mbali uhai wa mtu. Wakati mzuri wa kuitenga ni pale mazao yanapouzwa, fedha ikiwa bado mkononi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.