Amani Iliyopigwa Chapa Katika Fedha

Wako walimu wapendao kusema, darasani na hata kanisani, kwamba Warumi waliipa dunia amani, na kwa amani hiyo Injili ikapata njia. Ushahidi wao ni dinari za fedha zilizochorwa Amani kwa mfano wa mwanamke ashikaye tawi la mzeituni. Mimi nalipinga fundisho hilo. Barabara zao sizipingi, maana Mtume Paulo alizipita.

Na tuzitazame fedha zenyewe. Mwaka 70 majeshi ya Tito, mwana wa Kaisari Vespasian, yaliteketeza Yerusalemu pamoja na Hekalu. Katika miaka ile ile Kaisari alipiga dinari za namna mbili. Katika moja Amani ameketi na tawi lake. Katika ya pili mwanamke ameketi chini akiomboleza, silaha za walioshindwa zimetundikwa juu yake, na jina lake limeandikwa: Yudea. Mwaka 75 Kaisari akafungua Hekalu la Amani mjini Rumi, na ndani yake vikawekwa vyombo vya dhahabu vilivyotekwa Yerusalemu. Ni amani gani hiyo ipambwayo kwa nyara za nyumba ya Mungu?

Neno hili si geni kwetu watu wa Dimani. Huko Mkukutu, upande wa Kibiti, Profesa Felix Chami alichimbua shanga za Kirumi. Biashara yao ilitufikia, majeshi yao hayakufika. Lakini Kaisari mwingine alifika. Rupia ya Kijerumani ilikuwa na sura ya Wilhelm wa Pili mwenye kofia ya vita iliyotuliwa na tai, naye aliandikwa kwa Kilatini Imperator, cheo kile kile cha Rumi. Tangu 1898 nyumba ya shamba ilidaiwa rupia 3 kwa mwaka, na asiyekuwa nazo alizifuata kwa jasho kwa mwenye nazo. Mwaka 1905 Wamatumbi waling'oa pamba; tarehe 4 Agosti Kinjikitile wa Ngarambe akanyongwa Mohoro. Kisha ikaja njaa, ikaua wengi kuliko risasi. Nchi ikanyamaza, na atakaye aiite amani.

Watanijibu kwamba Bwana wetu aliagiza Kaisari apewe kilicho chake. Ndiyo. Dinari ya Tiberio, ambayo wengi hudhani ndiyo aliyoonyeshwa, ina sura ya Kaisari upande mmoja, na upande wa pili mwanamke ameketi na tawi. Bwana aliuliza habari za sura na anwani. Habari za mwanamke yule hakuuliza. Alikubali deni la fedha, wala hakuisifu amani ya mwenye fedha. Siku chache baadaye liwali wa Kaisari huyo huyo akamtoa asulibiwe.